Msiwanunulie Watoto Ushindi

Kijana mmoja wa mafundisho yetu ya kipaimara alivunja simu ya kaka yake. Aliipiga ukutani. Sababu gani? Alikuwa akicheza mchezo wa mpira katika simu ile, akafungwa bao dakika ya mwisho. Akaanza upya, akafungwa tena. Mara ya tatu hasira ikampanda kichwani. Simu ilikuwa ya dola 80. Mama yake alitujia akilia, vipande vya simu amevifunga katika kitambaa, kana kwamba tungeweza kuvibariki vikafufuka.

Mjomba wa kijana, ambaye ana duka na hana shida ya fedha, aliposikia habari alisema: "Basi, msilie. Nitatoa dola 80 leo hii, tununue nyingine, jambo liishe." Mjomba ni mtu mwema. Lakini tutarudi kwake.

Jumapili baada ya Misa maneno yakawa mengi mbele ya kanisa. Wazee walisema: "Mmeona? Michezo ya video ni ya shetani. Inawatia watoto hasira." Vijana waliomaliza masomo wakajibu: "Sivyo, wazee. Mchezo unafundisha uvumilivu. Mtu anashindwa, anarudia, mpaka anaweza. Waacheni wacheze." Halafu wote wakatugeukia sisi wakatekista, tuseme tuko upande gani. Siku ile tulinyamaza, kwa maana jibu letu halikuwa la kutolewa watu wakiwa wamesimama juani. Leo tunalitoa. Pande zote mbili zinakosa, na wakati zinagombana, mwizi anapita katikati yao.

Tuanze na wazee, kwa heshima yao. Ninyi mnasema kwamba kushindwa kunamharibu mtoto. Je, kushindwa kulianza na simu? Ninyi wenyewe mlicheza mpira wa matambara na majani ya migomba. Mlicheza mchezo wa mashimo na kete, ule ambao wengine wanauita kisolo. Hapakuwa na ngumi? Hapakuwa na yule mwenye mpira ambaye akifungwa anauchukua mpira wake na kwenda nao nyumbani? Tunawajua wengine wao. Sasa ni watu wa heshima, wanakaa viti vya mbele. Hasira haikutoka ndani ya mpira. Ilikuwa moyoni, mpira uliitoa nje tu, ikaonekana, na baba akapata nafasi ya kuirekebisha. Mtoto ambaye hajashindwa kamwe mbele ya macho yetu, tunajuaje kilichomo ndani yake? Kila Ijumaa ya Kwaresima tunapiga magoti kwenye vituo vya 3, 7 na 9 vya Njia ya Msalaba kwa sababu Bwana wetu alianguka na akasimama. Ni ajabu kwamba watu wa ibada ile wanaona aibu mtoto akianguka.

Tena katika kushindwa huku kwa mchezo kuna fumbo, na linafaa kufikiriwa. Hakuna mtu apendaye kushindwa. Mchezo wa video unamshinda mtu mara nyingi kuliko kazi yoyote ya shamba au ya karatasi. Hata hivyo anaurudia kwa hiari yake, bila kuitwa na mtu. Jesper Juul, Mdenmark mwenye elimu ya michezo hii, aliandika kitabu kizima juu ya fumbo hilo, nacho kilitoka mwaka 2013. Asemavyo kwa ufupi ni kwamba uchungu wa kushindwa ndio unaoupa mchezo nguvu yake: mchezo unatuonyesha upungufu wetu, na papo hapo unatuahidi kwamba tunaweza kuuondoa.

Tutazame mfano wa zamani. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitengeneza mchezo uitwao Space Invaders. Maadui wanashuka kutoka juu, mstari juu ya mstari, na mchezaji ana mzinga mmoja tu chini. Kadiri anavyowaua, wale waliobaki wanakwenda mbio zaidi. Na sababu yake inachekesha. Mashini ilikuwa dhaifu. Maadui walipopungua, kazi yake ikawa nyepesi, basi ikawaendesha upesi. Mtengenezaji aliona hivyo akaacha vivyo hivyo, maana mchezo ulinoga. Ukimaliza kundi moja, linakuja lingine. Hakuna mwisho mwingine isipokuwa kushindwa. Mtu alitia sarafu, akacheza, akazidiwa, akatia sarafu nyingine. Wenye mashini walikula faida kwa kushindwa kwake, hatulifichi jambo hilo. Lakini angalieni vizuri: sarafu ilinunua zamu. Haikununua ushindi. Mwenye sarafu nyingi alipata zamu nyingi, ni kweli, lakini mtoto wa tajiri na mtoto wa mpagazi walikuta maadui wale wale, kwa mwendo ule ule, na mkono wa kila mmoja ndio uliomwokoa au kumwangusha.

Au chukueni Tetris, ambao Mrusi Alexey Pajitnov aliutunga kule Moscow mwaka 1984. Vipande vinashuka, unavipanga, vinashuka upesi zaidi, mpaka vinakuzidi. Katika lile toleo la Nintendo la mwaka 1989, kwa miaka zaidi ya 30, watu walipanga na kuzidiwa, walipanga na kuzidiwa. Tarehe 21 Desemba 2023 kijana wa miaka 13, wa Oklahoma huko Marekani, aliufikisha mchezo mahali ambapo mashini yenyewe ilikwama, ikashindwa kuendelea. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Alizidiwa mara ngapi kabla ya siku hiyo? Nani atahesabu!

Kuna na michezo mikali zaidi. Mwaka 2011 kampuni ya Japani iitwayo FromSoftware ilitoa Dark Souls, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Vijana wetu wa mjini wanaujua. Ukikosea kidogo unauawa, na maandishi mekundu yanakuambia kwamba umekufa. Yote uliyokuwa umekusanya yanabaki chini, pale pale ulipofia. Una ruhusa ya kurudi kuyaokota, lakini ukifa tena kabla ya kufika, yamepotea kabisa. (Mali ile wanaiita roho, jina ambalo sisi walimu wa dini halitupendezi hata kidogo.) Basi mchezaji anafanya nini? Anarudi mahali pa aibu yake. Anakwenda polepole. Anatazama: nilikosea wapi? Nilimkaribia adui kwa pupa? Nilisahau kujikinga? Tusizidishe maneno, mchezo si kitubio. Lakini tungefurahi sana kama wanafunzi wetu wangeichunguza dhamiri yao kabla ya kuungama kwa uangalifu kama ule.

Kushindwa kwa namna hii tunakuita kushindwa kwa haki. Kosa ni la mchezaji mwenyewe, anaweza kuliona, na njia ya kurudi iko wazi, haina mlango wa kulipia. Kwa hiyo, wazee wetu, tusiwafukuze watoto kutoka mahali wanapojifunza kusema: "Ni mimi niliyekosa." Maneno hayo ni adimu nchini mwetu, hata kwa wakubwa.

Sasa ninyi vijana, msitabasamu upesi. Mnasema mchezo unafundisha uvumilivu. Sisi tunauliza: uvumilivu wa nini? Tunaye mwanafunzi mmoja ambaye aliuawa katika mchezo wake mara zaidi ya 100 mbele ya adui mmoja, akarudia, akashinda, akatusimulia kwa furaha. Kijana huyo huyo alipata alama mbaya mara moja katika hesabu, akasema: "Hesabu si yangu," akalifunga daftari. Uvumilivu wake ulikwenda wapi? Tumelifikiri sana jambo hili, na jibu letu ni hili. Katika mchezo, kati ya kufa na kufufuka ni kitambo kidogo tu. Upo mchezo uitwao Celeste, uliotoka mwaka 2018, wa msichana apandaye mlima. Ukianguka, kabla hujamaliza kupepesa jicho umesimama tena mwanzoni mwa chumba kile kile, na mchezo unaandika hesabu ya vifo vyako bila kukulaumu. Ni mchezo mzuri, hatuukatai. Lakini shuleni, kati ya kushindwa na kujaribu tena mna mwaka mzima, karo ya mwaka mzima, na uso wa baba. Shambani mna msimu. Katika ndoa mna maisha yote. Vidole vimejifunza kurudia. Moyo haujajifunza kungoja. Uvumilivu wa vidole ni mbegu nzuri, lakini msituonyeshe mbegu mkituambia ni muhindi.

Tena kuna wale ambao hawawezi kuacha. Shirika la Afya Duniani limeuandika ugonjwa huo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ni ugonjwa wa mtu ambaye mchezo umemshika mpaka masomo, usingizi na watu wa nyumbani vinakuwa si kitu kwake. Si kila mchezaji ni mgonjwa. Lakini anayejua kuanza tena na hajui kuacha, amejifunza nusu tu. Mtakatifu Carlo Acutis, ambaye Papa Leo XIV alimtangaza tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation kama watoto wengine wa Italia, na aliipenda. Alijiwekea saa moja kwa juma. Saa moja! Hakusema mashini ni ya shetani. Aliipima kwa saa, kama mama anavyopima chumvi. Alikufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, umri wa yule kijana wetu wa simu.

Sasa tufike kwa mwizi.

Kuna michezo ambayo inatolewa bure. Wazazi husikia neno "bure" wakafurahi. Ndugu, katika soko letu nani hutoa kitu bure kila siku na bado anajenga ghorofa? Mwaka 2012 kampuni iitwayo King ilileta katika simu mchezo wa peremende, Candy Crush Saga. Mchezaji ana maisha 5. Kila akishindwa, moja linaondoka. Yakiisha, lazima angoje dakika 30 kwa kila uhai mmoja, au awaombe rafiki zake, au alipe. Na akibakiwa na kidogo tu kushinda, hatua zake zimekwisha, mchezo unamwambia: lipa, nikuongezee hatua 5. Mnaona tofauti na ile sarafu ya mwaka 1978? Ile ilinunua zamu nzima tangu mwanzo. Hii inanunua kipande cha ushindi, pale pale mtoto anapoumia. Mfanyabiashara wa namna hii anahitaji mtoto ashindwe, tena ashindwe karibu na mlango, la sivyo hana cha kuuza. Biashara hiyo si ndogo. Mwaka 2016 kampuni ile iliuzwa kwa kampuni nyingine ya Marekani kwa dola bilioni 5.9. Faida ilitoka wapi? Kwa watu waliochoka kushindwa.

Katika Free Fire, ambao watoto wetu wanaucheza sana kwa simu ndogo, watu 50 wanashushwa kisiwani na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Hesabuni wenyewe: kila mara 49 wanashindwa. Kwa hao mchezo una duka, na katika duka hilo fedha yake inaitwa almasi. Wananunua mavazi, mapambo ya bunduki, wapiganaji wapya. Sisi watu wa nchi ya Mbuji-Mayi, ambao almasi zetu za kweli zimekwenda mbali na kutuachia mashimo, sasa tunatoa franka kununua almasi za kioo cha simu!

Na katika mchezo wa mpira ulioitwa FIFA (tangu mwaka 2023 umebadili jina) kuna pakiti zilizofungwa. Unalipa, unafungua, labda utampata mchezaji hodari wa Ulaya, labda utapata mtu asiyejulikana. Aliyefungwa mabao jioni anajaribu kununua kikosi usiku. Huko Ubelgiji, mwezi wa Aprili 2018, tume ya serikali inayosimamia kamari ilisema kwamba kununua pakiti za namna hiyo ni kamari, na ni kinyume cha sheria. Mwishoni mwa Januari 2019 kampuni ya mchezo huo iliacha kuwauzia Wabelgiji fedha za mchezo za kununulia pakiti hizo. Vizuri sana. Mtoto wa Liège alilindwa na sheria. Mtoto wa Bukavu au wa Kalemie atalindwa na nani akiwa na simu ya baba yake mkononi, na namba ya siri ameiona?

Wengine watatujibu: "Mnatetea ukali tu. Je, mtoto dhaifu asisaidiwe?" Neno hilo ni la haki, na hata wachezaji wenyewe waligombana juu yake mwaka 2019, ulipotoka mchezo mgumu uitwao Sekiro, wengine wakidai uwekwe mlango mwepesi kwa wasioweza. Sisi hatukatai mlango mwepesi. Ule mchezo wa Celeste tuliousema unao: asiyeweza anapunguza mwendo, anaongezewa nguvu, anapanda mlima kadiri ya uwezo wake. Lakini haulipiwi! Kumhurumia aliyechoka ni jambo moja, na kumwuzia huruma ni jambo jingine. Katika Matendo ya Mitume yumo Simoni mchawi, aliyetoa fedha mbele ya Petro apate kununua kile ambacho Mungu anakitoa bure. Kanisa halikulisahau jina lake, tunalifundisha mpaka leo tunapotaja dhambi ya kuuza vitu vitakatifu. Peremende si vitu vitakatifu, tunajua. Lakini moyo wa mtoto ni kitu kitakatifu, na hapo ndipo duka limefunguliwa.

Wala msidhani mwizi anakaa Ulaya na Marekani peke yake. Mtaani petu iko nyumba ya mchezo: televizio mbili, mashini mbili, benchi, na watoto wengi. Desturi yake ni kwamba anayeshindwa ndiye alipaye zamu ya wote wawili. Mwanzoni tulifikiri ni mzaha wa vijana. Halafu tulikaa pale alasiri moja tukatazama. Mkubwa mmoja, fundi wa maneti, alicheza saa tatu bila kutoa hata franka 100. Wadogo walilipa. Walipokwisha kulipa walikwenda nyumbani, na mmoja alirudi na fedha nyingine, zenye unga wa maandazi juu yake. Kila mama wa mtaa huu anajua unga ule unatoka kwenye kikapu cha nani. Hapo mchezo haumfundishi aliyeshindwa kitu, unamfundisha kuiba. Tulizungumza na mwenye nyumba. Alitujibu kwamba sisi tunakusanya sadaka na yeye anakusanya yake. Hatukujibizana naye. Lakini wazazi, ninyi mna miguu: nendeni mkakae kwenye benchi lile alasiri moja tu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema hivyo, na kila mtu analirudia neno hilo baada ya mchezo wa mpira ili kumtuliza aliyefungwa. Sisi tunalisikia kwa ukali zaidi. Anayenunua ushindi ameondoka uwanjani. Hashindani tena.

Ndiyo sababu tuligombana na mjomba. Wazee walitaka jina la kijana litolewe katika orodha ya kipaimara kwa ajili ya hasira yake. Tulikataa. Mjomba alitaka kulipa dola 80 siku ile ile. Tulikataa na hilo, na hapo ndipo tulipopata adui. Alituuliza kwa sauti, mbele ya mama wa kijana: "Ninyi ni nani kumzuia mjomba asimsaidie mtoto wa dada yake?" Swali lake lina haki, kwa desturi yetu mjomba ana neno kuliko katekista. Tulimwambia: "Mjomba, msaidie kwa karo, msaidie kwa viatu. Simu hii aliivunja kwa mkono wake. Ukilipa wewe, umemwongezea hatua 5." Hakuelewa maneno ya hatua 5, naye alikasirika zaidi.

Kaka mtu ndiye aliyekata shauri, kwa kuwa simu ilikuwa yake. Alisema atangoja. Sasa kijana anafyatua matofali kwa jirani kila Jumamosi asubuhi, na alasiri anakuja mafundishoni, udongo bado katika kucha. Alipoanza, juma la kwanza, matofali yake mengi yalipasuka, na jirani hakuyalipia. Alirudi Jumamosi iliyofuata. Mpaka leo ameleta dola 23 ndani ya kitambaa kile kile cha mama yake. Zimebaki 57. Mjomba hatusalimu.